Mtoto kachaguliwa timu ya tonamenti ya besiboli, na mama hajui hata sheria moja

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi kwenye mji mdogo jimbo la Iowa, Marekani. Kwa kifupi anasema yeye na mume wake ni watu wa Uvira, Kongo, walikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, na mtoto wao wa kiume kazaliwa hapo hapo kambini, sasa ana miaka 11. Mwaka huu ameanza kucheza besiboli na timu ya mji, na juzi kocha kamchagua timu ya kombaini inayokwenda tonamenti mji wa jirani, mechi tatu mpaka nne ndani ya Jumamosi na Jumapili. Kocha anataka cheti cha kuzaliwa na ushahidi wa mnapoishi. Baba mtu anasema mchezo wa maana ni mpira wa miguu. Jumapili kuna ibada. Na mama mwenyewe anauogopa ule mpira mgumu, anasema "nakaa pale kwenye kiti sielewi kitu, wakipiga makofi na mimi napiga." Anauliza amruhusu mtoto aende au asimruhusu, na yeye mwenyewe afanye nini.

Dada yangu, aende. Nakujibu hivyo mwanzoni kabisa ili usisome maelezo yote haya roho ikiwa juu. Nimefundisha besiboli ya watoto miaka kadhaa sasa kwenye hii miji midogo ya huku, na kabla ya hapo sikuwahi hata kushika glavu, nimekulia mpira wa makaratasi kama nyie, kwa hiyo najua kabisa unavyojisikia pale kwenye kiti. Aende, ila kuna mambo inabidi uyashike mkononi kabla Jumamosi haijafika, na moja ni kubwa kuliko yote, ni mkono wa mtoto, hilo nitakaa nalo muda mrefu.

Kwanza uelewe tonamenti ya mji mdogo ni kitu gani, maana jina linatisha. Ni mchangani. Kweli kabisa, ndo mchangani wao. Kule kwetu unakumbuka mechi za mtaani zinavyofanyika, kuna anayechora mistari kwa majivu, kuna aliyetoa mbuzi, kuna mwenye duka aliyenunua jezi, na hakuna anayelipwa. Huku ni vile vile. Saa 12 asubuhi utakuta baba mmoja na kitrekta anaburuza wavu wa chuma kusawazisha ule udongo mwekundu, mwingine anasukuma kigari cha chokaa, na kwenye fensi yamefungwa mabango ya fundi magari, ya benki ya mji, ya duka la mbegu za mahindi, hao ndo wamelipia jezi za watoto. Kuna kibanda kinauza soda, soseji kwenye mkate na mbegu za alizeti, na anayekuuzia ni mama wa mchezaji yuko kwenye zamu yake, faida inarudi kununua mipira na kulipia taa. Kwa hiyo usiingie pale ukijiona mgeni kwenye shughuli ya wenye mji. Wenye shughuli ni wazazi, na wewe ni mzazi.

Hii desturi ina umri. Mwaka 1938 kule Williamsport, Pennsylvania, bwana mmoja anaitwa Carl Stotz alikuwa anacheza na wapwa zake uani akaona uwanja wa wakubwa ni mkubwa mno kwa watoto, akaupunguza, akahangaika kutafuta biashara za pale mjini za kudhamini, akapata timu tatu. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Juni 1939, timu ya kampuni ya mbao ikaifunga timu ya kampuni ya maziwa 23 kwa 8. Ndo ikawa Little League, na mashindano yake makubwa ya dunia ya watoto yanachezwa pale pale upande wa South Williamsport mpaka leo kila Agosti. Na usidhani sisi hatumo. Mwaka 2012 timu ya Lugazi kutoka Uganda ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kufika pale, na wakaifunga timu ya Gresham, Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2015 Waganda wakarudi wakaifunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1, na ile nchi besiboli ni kama mpira wa miguu kwa Brazili. Mwambie hiyo mzee nyumbani, itamsaidia.

Ila swali la kwanza la kumuuliza kocha ni hili, tonamenti hii iko chini ya shirika gani? Kuna Little League, kuna Cal Ripken, kuna tonamenti za wikiendi za timu binafsi zinazosafiri. Sheria zao hazifanani, za umri, za marungu, za mrushaji, na mzazi anayesikia jambo kwenye moja akalipeleka kwenye nyingine anagombana bure na watu. Mimi humu nitakupa namba za Little League kwa sababu ndo nazifahamu kwa undani na hata wengi wasiokuwa chini yake wanaziiga.

Mchezo wenyewe sasa. Ulicheza rede ukiwa mdogo? Wengine wanaita nage. Yule wa katikati anakwepa mpira, anajaza mchanga kwenye chupa, anaangalia warushaji wako wapi ndo anaiba nafasi. Besiboli roho yake ndo hiyo hiyo, kuiba nafasi wakati mpira uko mbali. Mrushaji anarusha, mpigaji ana rungu, akiupiga vizuri anakimbia besi ya kwanza, akiweza ya pili, ya tatu, mpaka arudi nyumbani pale alipoanzia, hiyo ni pointi moja. Akiukosa, au ukipita kwenye eneo lake zuri akauangalia tu, ni straiki, tatu ametoka. Ukirushwa nje ya eneo ni boli, zikifika nne anatembea bure kwenda besi ya kwanza. Mpira aliopiga ukidakwa kabla haujagusa chini katoka, ukifika kwenye besi ya kwanza kabla yake katoka. Watatu wakitoka wanabadilishana, wanaopiga wanaingia kulinda. Wakubwa wanacheza awamu tisa, watoto wa umri wa wako wanacheza sita. Besi kwa besi ni futi 60, kama mita 18, na mrushaji yuko futi 46, mita 14 hivi, kutoka kwa mpigaji. Na timu ikizidiwa pointi 15 baada ya awamu tatu, au 10 baada ya nne, mechi inaishia hapo, kwa hiyo usishangae watu wakikunja viti mapema. Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza, mengine utayaokota ukiwa pale, jirani yako kwenye kiti atafurahi sana kukueleza, Wamarekani wa miji midogo ukiwauliza besiboli wanasahau kula.

Makaratasi. Hapa nataka usome taratibu maana ndo wanapokwama watu wetu. Timu ya kombaini inatembea na faili, ndani kuna ushahidi wa umri wa kila mtoto na ushahidi kwamba anaishi au anasoma ndani ya mipaka ya ligi yake. Sio kwamba wanakushuku wewe mkimbizi, wanamdai hata mtoto wa meya. Wana sababu, mwaka 2001 timu ya Bronx, New York ilifika mbali kabisa kule Williamsport halafu ikagundulika mrushaji wao ana miaka 14 badala ya 12, ushindi wote ukafutwa. Na hawa hawa Waganda, mwaka mmoja kabla ya Lugazi, yaani 2011, timu ya Kampala ilishinda kanda yake ikanyimwa viza kwa sababu ya tarehe za kuzaliwa kutokuoana kwenye karatasi. Watoto walishashinda uwanjani, wakabaki nyumbani kwa sababu ya tarehe. Timu ya Langley kutoka Kanada ambayo walikuwa wacheze nayo ikaja ikapanda ndege mpaka Uganda Januari 2012 kucheza ile mechi iliyokosekana, na Waganda wakashinda 2 kwa 1. Mimi hiyo habari kila nikiikumbuka inaniuma na kunifurahisha kwa pamoja.

Sasa wewe. Najua wengi wetu tuliopitia kambini tumeandikiwa tarehe 1 Januari. Kwa hesabu ya umri hiyo haina shida yoyote, Little League wanaangalia mtoto atakuwa na miaka mingapi tarehe 31 Agosti mwaka huo, mashirika mengine wanaangalia 30 Aprili, na mtoto wa 1 Januari kote kote anatoka sawa. Shida inakuja pale karatasi moja inasema hivi nyingine vile, mfano shule wameandika mwaka mwingine, au jina limeandikwa kinyume, la ukoo limekaa mbele. Leo jioni, sio Ijumaa, toa karatasi zote za mtoto mezani uzilinganishe herufi kwa herufi. Muulize kocha kama pasipoti inakubalika kama ushahidi wa umri. Kama hamna cheti cha kuzaliwa wala pasipoti, ligi inaweza kuomba ofisi ya kanda itoe barua inayosimama badala ya cheti, ila hiyo inachukua muda, ndo maana nasema leo. Kuhusu makazi, wanataka ushahidi wa aina tatu tofauti, ikiwa ni usumbufu muombe kocha fomu ya shule, mwalimu mkuu anasaini kwamba mtoto anasoma pale, imeisha. Na karatasi halisi usiziache kwa mtu, mwonyeshe, mpe kopi, rudi nazo nyumbani kwenye ile bahasha yenu.

Sasa hofu yako ya mpira. Ni mgumu kweli, una uzito wa gramu 142 mpaka 149, na mtoto wa miaka 12 mwenye mkono mzuri anaurusha maili 60 kwa saa, kwa hiyo kutoka kwake mpaka kwa mpigaji ni nusu sekunde tu. Siwezi kukudanganya kwamba hauumizi. Ila angalia walivyojikinga, kila anayepiga na kila anayekimbia besi amevaa helmeti, mdakaji anayechuchumaa nyuma ana kinga ya uso, koo, kifua na miguu, na kwa umri huu Little League hawaruhusu mtoto anayesubiri zamu asimame nje anapunga rungu, maana huko ndiko watoto walikuwa wanapigwa marungu vichwani kwa bahati mbaya. Wewe mnunulie kile kikombe kigumu cha kukinga sehemu za siri, ni bei ndogo, na wavulana wanaona aibu kuomba. Muulize kocha mashine ya kushtua moyo iko wapi pale uwanjani, kwa sababu mpira ukimpiga mtoto kifuani kwa wakati mbaya moyo unaweza kusimama, ni nadra sana lakini ipo, na dakika za mwanzo ndo zinaokoa. Kocha mzuri atakuonyesha kwa kidole iko pale. Na radi ikisikika wote watoke uwanjani, wanasubiri dakika 30 tangu mlio wa mwisho, ikilia tena wanaanza kuhesabu upya. Mwaka juzi nilikaa kwenye gari na watoto sita karibu masaa mawili kwa sababu hiyo, tukala mandazi yote ya wikiendi, na hakuna aliyelalamika.

Vifaa usikimbilie dukani. Rungu aazime la timu kwanza. Ukija kununua, angalia muhuri, tangu Januari 2018 Little League wanataka rungu lenye alama ya USA Baseball, tonamenti za kusafiri zinatumia alama nyingine, na nimeona mama ametoa dola nyingi kwa rungu zuri refa akalikataa mtoto analia pale pale. Viatu, kama ana njumu za mpira wa miguu za plastiki zinaruhusiwa kabisa, za chuma ndo hapana kwa umri wake. Glavu ya mitumba ni nzuri kuliko mpya, ngozi imeshalainika.

Pesa. Sheria ya Little League inasema wazi kwamba malipo ya ada yasiwe sharti la mtoto kucheza. Sio hisani, sio kuomba omba, imeandikwa. Kama hali ni ngumu nenda kwa mtu wa ligi mwambie tu "ada hii kwa sasa hatuiwezi", mara nyingi hata swali la pili hakuulizi. Tofauti ni zile timu binafsi za kusafiri, huko ni mamia mpaka maelfu ya dola kwa msimu, na hoteli, na kiingilio cha mlangoni hata kwa mzazi. Baada ya tonamenti hii kuna mtu atakufuata, kama mtoto ana kipaji huwa wanakuja, atakwambia mtoto huyu asipotee kwenye timu ya mji. Maoni yangu, na najua kuna makocha wenzangu watanuna, mtoto wa miaka 11 hapotei kwenye timu ya mji. Anacheza na watoto anaosoma nao, anakwenda uwanjani kwa baiskeli, hapo ndo pake. Akifika miaka 14 na bado anaupenda mtazungumza.

Haya, mkono.

Nimeuacha hapa kwa makusudi. Mpira usiokuwa na bahati utampiga begani, atalia, kesho kapona. Kinachoharibu watoto kwenye besiboli hakina kelele, ni kurusha kupita kiasi. Kiwiko cha mtoto wa miaka 11 bado kina sehemu laini ya mfupa inayokua, gegedu, na kila mrusho mkali unaivuta. Akirusha mingi bila kupumzika inaanza kuchanika kidogo kidogo kwa ndani, haivimbi, haitoi damu, na mtoto hasemi kwa sababu akisema atatolewa na wenzake wanamtegemea. Kulikuwa na mtoto mmoja miaka ya nyuma, sikumfundisha mimi, nilikuwa upande wa pili, tonamenti kama hii ya kwenu. Karusha Jumamosi asubuhi, karusha tena jioni, Jumapili fainali akaitwa tena. Nilikuwa nasimama karibu na besi ya tatu nikamwona kati ya mrusho na mrusho ananyoosha mkono chini anautingisha kama mtu anayekung'uta maji. Anautingisha, anarusha. Anautingisha, anarusha. Watu wanashangilia. Walishinda kombe. Mwaka uliofuata alikuwa amekaa kwenye benchi anaandika pointi, kaambiwa asirushe, na sikumwona tena kwenye kilima cha mrushaji.

Kwa sababu ya watoto wa namna hiyo Little League tangu 2007 wanahesabu mirusho. Mtoto wa miaka 11 na 12 mwisho 85 kwa siku, wa 9 na 10 mwisho 75. Akifika hapo akiwa katikati ya mpigaji anaruhusiwa kummaliza huyo tu. Halafu kuna mapumziko, na hapa ndo penye maana kwenye wikiendi ya mechi nne: mirusho 1 mpaka 20 kesho yake anaweza kurusha, 21 mpaka 35 apumzike siku moja, 36 mpaka 50 siku mbili, 51 mpaka 65 siku tatu, 66 na kuendelea siku nne. Kwa hiyo mwanao akirusha 21 Jumamosi, Jumapili harushi, hata iwe fainali, hata kocha abaki na nani. Na akishafika mirusho 41 haruhusiwi kwenda kuwa mdakaji siku hiyo, maana mdakaji naye anarudisha mpira kila mara, mkono haupumziki pale. Tonamenti nyingine hazihesabu mirusho, zinahesabu awamu tu, na awamu moja inaweza kuwa mirusho 8 au 35, kwa hiyo zikikwambia karusha awamu tatu tu bado hujajua kitu. Hesabu mirusho hata kama wao hawahesabu. Na kama akija kucheza timu mbili, kila timu inahesabu ya kwake, mkono ni mmoja, mwenye jumla ni wewe tu nyumbani.

Dalili za kuangalia: anashika kiwiko, anatingisha mkono, mpira uliokuwa unafika sasa unadunda, anarusha kwa kusukuma kama anatupa jiwe. Jioni muulize, sio "unaumwa?", atasema hapana. Mwambie ainue ndoo ya maji au ajipigie mswaki kwa mkono ule, mwangalie uso. Akiumwa kwenye kiwiko au bega anaacha kurusha, anapelekwa kwa daktari, mjadala umekwisha, na barafu na dawa ya maumivu visitumike kumrudisha uwanjani.

Na mzee wa nyumbani hapa atafurahi. Ule mwongozo wa mirusho uliotolewa 2014 na ligi kuu ya Marekani pamoja na shirika la besiboli la nchi, wanauita Pitch Smart, unasema mtoto wa miaka 9 mpaka 12 aache kabisa kurusha angalau miezi minne kwa mwaka, na miwili au mitatu kati ya hiyo iwe mfululizo. Hiyo miezi minne anafanya nini? Anacheza mpira wa miguu na baba yake. Madaktari wanataka hivyo hivyo, mtoto abadilishe michezo, miguu ipate kazi mkono upumzike. Kwa hiyo hakuna cha kuchagua hapo, kiangazi besiboli, vuli mpira wa miguu. Mwambie mzee aje Jumamosi aangalie mtoto anavyokimbia besi, ile kasi na kusoma mchezo kajifunza wapi kama sio kwenye mpira wa baba yake.

Jumapili sitakuamulia, ibada ni ya kwenu. Nachokuomba ni muamue mapema na umwambie kocha mapema, sio Jumamosi usiku. Timu zina watoto 12 hivi na lazima tisa wawe uwanjani ndo mechi ianze, kwa hiyo kocha akijua siku tatu kabla atapanga, akijua asubuhi yake, na wengine nao wakakosa, watoto wanane wamekaa na jezi zao hawachezi. Uliza ratiba, kwenye tonamenti nyingi Jumamosi ni makundi na Jumapili ni mtoano, saa nyingine mechi ya Jumapili ni mchana na misa ya kwanza inatosha. Kuna familia moja ya watu wetu ninayoifahamu walikubaliana na mchungaji mtoto akitoka tonamenti anakwenda ibada ya jioni na jezi yake ya vumbi, na mchungaji mwenyewe siku hizi anauliza walishinda ngapi.

Jambo jingine dogo ila lishike. Kombaini sio kama timu ya kawaida, kuna mechi mtoto wako atakaa sana benchi, na kuna mpira atauacha upite katikati ya miguu mbele ya watu wote. Kwenye gari mkirudi usimfundishe, baba asimfundishe. Mpe maji, muulize anataka kula nini. Na refa usimzomee hata wengine wakizomea, mara nyingi ni kijana wa sekondari wa miaka 15 au 16, anapewa hela kidogo, na mama yake kakaa viti viwili kutoka kwako.

Sasa umeniuliza wewe ufanye nini, na hapa nina kazi kamili ya kukupa. Usikae kwenye kiti unapiga makofi kwa kufuata watu. Mwandikie kocha leo, muulize nani anahesabu mirusho ya timu yetu Jumamosi. Nakuhakikishia kwenye timu za miji midogo jibu mara nyingi ni "msaidizi wangu" ambaye pia anafundisha besi ya kwanza na pia anatafuta glavu iliyopotea. Mwambie nitahesabu mimi. Kuna kidude kidogo cha chuma cha kubonyeza kwa dole gumba, kila ukibonyeza namba inapanda, wale wahudumu wa milangoni wanakitumia, kinauzwa dola chache. Huhitaji kujua sheria hata moja. Kila mrushaji wenu akimrushia mpigaji unabonyeza, iwe straiki, iwe boli, iwe umepigwa ukaenda nje, unabonyeza. Ile ya kupasha moto kabla ya awamu huibonyezi. Akibadilishwa mrushaji unaandika namba yake kwenye daftari na jina, unarudisha sifuri, unaanza na mwingine. Kila awamu ikiisha nenda mpaka kwenye fensi ya benchi mwonyeshe kocha na ulinganishe na wa timu pinzani. Akifika 15 mwambie 15. Akifika 20 sema kwa sauti, "kocha, 20," maana akiendelea na mpigaji mwingine baada ya hapo ameshapoteza Jumapili.

Watakuwekea kiti nyuma ya besi ya nyumbani, karibu na wavu, ndo mahali pazuri kuliko pote uwanjani. Mpaka mechi ya pili utakuwa umeshaanza kuona mwenyewe ipi ni straiki na ipi ni boli kabla refa hajasema. Beba kofia, maji mengi, kalamu mbili kwa sababu moja itaishiwa wino, na kama unapika sambusa peleka kwenye meza ya timu, sio kwenye kibanda, kibandani kuna masharti ya vyakula. Ukirudi Jumapili usiku niandikie, niambie mtoto amerusha mingapi.